Pupa ya usiku mmoja, majuto ya muhula mzima

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukizipima kwenye mzani mmoja hazikubaliani hata kidogo. Ya kwanza yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yaonya kwamba chelewa chelewa utapata mwana si wako. Je, kijana wa miaka 20 aliye mbali na nyumbani, mwenye simu mkononi na pesa ndani ya simu hiyo, afuate ipi?

Swali hilo nimerudi nalo kutoka Ziwa, kaskazini-magharibi mwa mji wa Eldoret, nilikokwenda kumjulia hali wifi yangu msimu wa kuvuna mahindi. Wanaoijua barabara hiyo wanafahamu kwamba ukitoka mjini hufiki mbali kabla hujapita Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel, takriban kilomita 9 kutoka mjini. Mahali hapo palianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza walowezi kilimo cha mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakawa chuo cha walimu, mwaka 1990 pakawa bewa la Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 pakapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Matatu yetu ilikuwa imejaa wanafunzi. Wawili walioketi mbele yangu walikuwa wakibishana kama pesa zilizoingia asubuhi hiyo zilipe kodi ya chumba kwanza au zinunue viatu. Waliposhuka langoni, viatu vilikuwa vinaongoza kwa mabao mengi.

Nilicheka, nikaendelea na safari yangu. Sikujua kwamba mwisho wa barabara kulikuwa na kisa cha aina hiyo hiyo, ila hicho hakikuwa cha kuchekesha.

Wifi yangu ni mjane. Tangu kaka yangu atutoke, amewalea wanawe kwa ekari tatu za mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa. Kifungua mimba wake anasoma katika chuo kikuu kimoja mbali na nyumbani. Nilishangaa kumkuta yuko nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, ilhali wenzake walikuwa katika mitihani. Nilipomtazama mama yake kwa macho ya kuuliza, alinimiminia mursik kikombe tele na kuniambia, "Kunywa kwanza, wifi. Hayo atakueleza mwenyewe."

Na kweli alinieleza. Nimemwomba ruhusa niyasimulie, naye akakubali mradi nisimtaje jina wala chuo.

Mwezi wa Septemba mama yake aliuza magunia manane ya mahindi. Hayakuwa ya mavuno mapya. Aliyahifadhi ghalani tangu mwaka uliotangulia, akayatia dawa ya kuzuia dumuzi, akangoja miezi tisa bei ipande. Ijumaa jioni akamtumia mwanawe pesa kwa simu: kodi ya muhula, chakula na sehemu ya karo. Benki zilikuwa zimefungwa, hivyo karo ingelipwa Jumatatu.

"Shangazi," kijana aliniambia huku akitazama gunzi lililokuwa mkononi, "sikuamka siku hiyo nikisema leo nitapoteza pesa za mama."

"Najua," nikamjibu. "Ilianzaje?"

Ilianza kwa huzuni. Jioni hiyo alikuwa amekosana na msichana wake. Moyo ulimuuma, chumba kikamwia kidogo. Wenzake chumba cha pili walikuwa wakibashiri matokeo ya mechi kwa simu. Akaweka shilingi 200, akapata 900. "Ule uchungu ulinitoka kwa dakika tano," alisema. Jumamosi, kwa furaha ya jana, akaweka 2,000. Zikapotea. Akaweka 4,000 ili azirudishe. Kufikia saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili, magunia manane yalikuwa yamekwisha. Kabla jua halijatoka alikuwa amekopa kwa simu mahali patatu ili alipe kodi, na pesa hizo pia akazibashiri. Baada ya hapo akazima simu. Hakuiwasha kwa siku 11.

Msomaji, tafadhali usikimbilie kusema huyu ni kijana mpotovu. Mimi namjua. Ni yule yule aliyekuwa akiamka kukama ng'ombe kabla ya kwenda shule. Tena mimi mwenyewe sina haki ya kumrushia jiwe. Miaka ya tisini, tulipokuwa chuoni, pesa za mkopo tuliziita "boom". Boom ya kwanza nilinunua redio kaseti yenye spika mbili kubwa, na hali sikuwa na blanketi la pili. Mwezi uliofuata nilikuwa nikila ugali na sukumawiki kwa hisani ya jirani, redio ikiniimbia.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1959 Mmarekani Ernest Barratt alianza kutunga kipimo cha tabia ya kukurupuka, yaani kutenda kabla ya kufikiri. Kipimo hicho kimerekebishwa mara kadhaa. Kile kilichochapishwa mwaka 1995 kina maswali 30, na mpaka leo wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi nyingi huulizwa maswali hayo. Upande wa pili wako waliotunga vipimo vya ustawi wa nafsi: mtu anaridhika na maisha yake kiasi gani, analala vipi, ana huzuni ama wasiwasi kiasi gani. Vipimo hivyo viwili vikiwekwa pamoja, aghalabu picha huwa moja. Mwenye kukurupuka sana huwa na utulivu mdogo wa moyo.

Hata hivyo wataalamu wamegundua mambo mawili ambayo kila mzazi angefaa kuyajua.

La kwanza, si kila wepesi ni ubaya. Mwaka 1990 mtafiti Scott Dickman alionyesha kwamba kuna wepesi wa kutenda unaomfaa mtu, hasa wakati nafasi ni fupi na jambo lenyewe halina madhara makubwa. Kuna pia wepesi unaomtumbukiza mtu taabani. Kijana anayeinua mkono darasani kabla hajawa na uhakika wa jibu, au anayejiandikisha kwenye mashindano bila kuwaza sana, si mgonjwa. Hapo ndipo methali zetu mbili zinapopatana. Chelewa chelewa ni onyo kwa mwenye kuachia nafasi njema. Haraka haraka ni onyo kwa mwenye kukata lisilounganika.

La pili ndilo lililonigusa zaidi nilipofikiria kisa cha Ziwa. Mwaka 2001 watafiti Whiteside na Lynam waliigawa tabia hii katika mafungu. Liko fungu la kutopanga, la kutodumu katika kazi na la kupenda msisimko. Liko pia fungu la kutenda kwa pupa moyo unapokuwa umechafuka. Miaka michache baadaye wenzao wakaongeza ndugu ya hilo: kutenda kwa pupa moyo unapofurika furaha. Tafiti nyingi zilizofuata zimeona kwamba pupa hii ya moyo uliochafuka ndiyo inayofungamana zaidi na kamari iliyokithiri, ulevi na dalili za sonona. Hebu rudia kisa cha kijana wetu. Ijumaa alitenda kwa uchungu. Jumamosi alianza kwa furaha, akaendelea kwa hofu, akamaliza kwa aibu. Hakuna hata mara moja aliyoamua akiwa na moyo mtulivu.

Je, pupa ndiyo huleta huzuni, au huzuni ndiyo huleta pupa? Jibu ni kwamba kila moja humvuta mwenzake. Mtu akiwa na njaa, usingizi, upweke au deni, akili yake hushikwa na lile linalomkera sasa, na kesho humpotea machoni. Wataalamu wawili, Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, waliliandikia kitabu mwaka 2013 wakieleza jinsi uhaba wenyewe unavyoibana akili ya mtu. Tuongeze kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia tamaa, huendelea kukomaa mpaka miaka ya katikati ya ishirini. Kwa hivyo tunawapeleka watoto wetu mbali, na pesa, na upweke, wakati breki zao bado hazijakaza sawasawa.

Wapo watakaosema subira ni ya kuzaliwa nayo: huyu anayo, yule hana. Huenda umesikia jaribio mashuhuri la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lililofanywa mwishoni mwa miaka ya sitini na kuendelea. Mtoto mdogo aliwekewa peremende laini mbele yake, akaambiwa akiisubiri bila kuila atapewa ya pili. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba waliosubiri ndio waliofaulu maishani. Lakini mwaka 2018 watafiti wengine walipolichunguza jambo hilo kwa watoto zaidi ya 900, walikuta uhusiano huo ni mdogo kuliko ulivyodhaniwa, na ukazidi kupungua walipoizingatia hali ya nyumbani kwa mtoto. Na hapa kwetu Afrika, mtafiti Bettina Lamm na wenzake waliwajaribu watoto wa miaka minne wa Wanso, jamii ya wakulima nchini Kamerun, kwa andazi. Takriban watoto 7 kati ya 10 walisubiri. Wenzao wa Ujerumani waliosubiri hawakufika 3 kati ya 10. Basi subira hufundishwa, tena nyumbani, tena na watu kama wifi yangu wanaongoja miezi tisa bei ya mahindi ipande.

Kama ni hivyo, mbona mwanawe aliyelelewa katika subira hiyo akateleza? Nililifikiria sana swali hilo usiku ule nikisikiliza mvua juu ya mabati, na jibu nililolipata liko katika redio kaseti yangu.

Siku ya boom sisi tulipiga foleni tangu alfajiri. Tukatia sahihi, tukapata karatasi, tukaenda benki, tukapiga foleni nyingine. Tulizilaani foleni zile, kumbe zilikuwa mlezi. Kati ya tamaa na pesa palikuwa na saa kadhaa, na katika saa hizo wengi walibadili nia. Tena duka lilifungwa jioni. Hata ungetaka kufilisika saa nane za usiku, hapakuwa na wa kukufilisi. Tangu M-Pesa ianze mwezi Machi 2007, na mikopo ya simu kuenea kuanzia mwaka 2012, foleni hiyo imeondoka. Simchukii aliyeiondoa, maana pesa ya hospitali nayo hufika kwa sekunde chache. Ila tumewaondolea vijana ukuta bila kuwaeleza kwamba ulikuwa ukuta. Kijana wa leo hana pupa kunishinda mimi. Yeye hana foleni tu.

Ndiyo maana nasema kumkemea mtu awe na moyo wa chuma hakusaidii sana. Linalosaidia ni kuirudisha foleni kwa hiari yetu, tukiwa na moyo mtulivu, kabla siku ya pesa haijafika. Na jambo hili limekwisha kujaribiwa katika nchi yetu.

Kule Busia, watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwachunguza wakulima wa mahindi. Karibu wote walisema wangetumia mbolea msimu uliofuata. Msimu ulipofika, hata nusu yao hawakuitumia. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Pesa walikuwa nazo baada ya mavuno, lakini kufikia wakati wa mbolea zilikuwa zimekwenda kwa hili na lile. Watafiti wakawapelekea nafasi ya kununua mbolea papo hapo baada ya mavuno, pesa zikiwa bado mkononi, na mbolea iletwe bure baadaye. Matumizi yakapanda kwa kiasi sawa na kama bei ingepunguzwa nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kazi za aina hiyo.

Pascaline Dupas na Robinson nao waliwaendea wanachama wa vyama vya kuchangiana huko huko magharibi mwa Kenya. Baadhi yao walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli cha kuwekea akiba ya afya. Ufunguo alikaa nao mwenye kisanduku. Hakuna aliyemzuia kukifungua usiku wa manane. Hata hivyo, matumizi yao katika kukinga afya yalipanda kwa zaidi ya nusu, kama walivyoripoti mwaka 2013. Pesa zilipewa jina na mahali pa kukaa, na hilo peke yake likatosha kuupa mkono muda wa kusita.

Basi, wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, anza hapo. Pesa zikiingia, lipa kodi na karo siku hiyo hiyo kabla hujala chipsi. Hiyo ndiyo mbolea inayonunuliwa wakati wa mavuno. Zinazobaki zigawe kwa majuma, na za majuma yajayo ziweke kwenye akaunti ya akiba isiyofunguka kabla ya tarehe uliyoiweka, au kwa mtu unayemwamini. Jiwekee sharti kwamba jambo lolote linalopita shilingi 1,000 litalala usiku mmoja kabla ya kuamuliwa. Na ujue saa zako mbaya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba nia ya jumla kama "nitajirekebisha" haina nguvu ya ile iliyofungwa na wakati wake: "nikikosana na mtu, nitazima simu nitembee mpaka uwanjani na kurudi." Iandike. Ikifika saa yenyewe hutakuwa na akili ya kuibuni.

Nanyi wazazi, msitume pesa za muhula mzima kwa mkupuo Ijumaa jioni kama njia nyingine ipo. Karo ilipwe chuoni moja kwa moja. Lakini zaidi ya yote, chungeni ulimi wa siku ya pili. Aibu nayo ni moyo uliochafuka, na kijana akitukanwa katika hali hiyo huweza kufanya la haraka kuliko yote, lile lisilo na kurudi. Ukiona simu imezimwa siku kadhaa, hapati usingizi, hali chakula, au anasema maisha hayana maana, usimwachie Mungu peke yake. Mfuate. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi chuoni au kwa daktari.

Wifi yangu alimfuata wake. Siku ya kumi na moja alipanda basi alfajiri, mshonaji mmoja jirani akimkopesha nauli, maana pesa zake zote zilikuwa zimetumwa. Njia nzima, aliniambia, alikuwa akipanga maneno. Makali kweli kweli. Alimkuta mwanawe amejifungia chumbani mchana, pazia limefungwa, midomo imekauka, amekonda shingo. Akasimama mlangoni na maneno yake yote.

"Ukamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimuuliza kama amekula."

Kijana alinithibitishia hayo. Alisema kwamba asubuhi hiyo alikuwa ameshaanza kufikiria jambo ambalo hakutaka kulitaja mbele yangu, na kwamba swali lile la mama yake lilimfanya alie mpaka akalala. Muhula huo ameuahirisha. Deni la simu analilipa kidogo kidogo kwa vibarua vya kupukuchua mahindi ya majirani. Mwezi Januari anarudi chuoni, na mpango aliutunga mwenyewe: karo itakwenda benki ya chuo, kodi itakwenda kwa mwenye nyumba, na pesa za chakula atatumiwa kila Jumapili baada ya kanisa. Nilimuuliza kama haoni haya kutumiwa pesa za juma kama mtoto wa shule ya msingi.

"Shangazi," akanijibu, "hata mbolea ya mama ananunua akiwa bado na pesa za mahindi. Mbona yeye haoni haya?"

Sikuwa na la kuongeza. Nilichukua gunzi, nikakaa tukapukuchua.